Mbona ukirudi huongei?

Kila mwezi tunaongelea vitu vinavyoingilia nyumba zetu: pesa, simu, mawifi. Leo naongeza kimoja ambacho hamkitarajii. Sentimita!

Mimi ni mhariri, macho ndiyo jembe langu. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi zamani ilitupa meza nyembamba, zimebanwa ukutani. Ukishaweka kibodi na mafaili, kioo cha kompyuta kinabaki karibu kabisa na pua. Ikifika saa kumi jioni macho yanawaka kama nimemenya vitunguu, kichwa kinagonga. Nyumbani mtu akinisemesha naona kelele. Shemeji yenu akavumilia weee, mwisho akauliza: "Mama, mbona siku hizi ukirudi huongei? Nimekukosea nini?"

Jamani, hakuwa amekosa chochote! Lakini kwenye ndoa ukinyamaza sana, mwenzio anajitafutia maana mwenyewe, na mara nyingi anaipata mbaya. Nikamwambia ukweli kwamba ni macho, kisha nikaanza kufuatilia.

Kumbe jicho likitazama kitu cha karibu linafanya kazi mbili. Msuli mdogo wa ndani unajikaza ili lenzi ione vizuri, na macho yote mawili yanageukia puani ili yakutane kwenye herufi ileile. Kitu kikizidi kusogea, kazi inazidi. Sasa fanya hivyo saa nane kwa siku! Isitoshe, tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndio maana yanakauka.

OSHA, wasimamizi wa usalama kazini wa Marekani, wanashauri kioo kikae sentimita 50 hadi 100 kutoka machoni. Huna rula? Egemea kiti vizuri, nyoosha mkono. Vidole viguse kioo kwa mbali, au visikifikie kabisa. Ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kama ukiwa hapo herufi huzioni, usipeleke uso mbele, shosti. Kuza herufi!

Wenye laptop mna mtihani wenu: ukiisogeza mbali mikono haifiki. Tafuta kibodi ya pembeni, laptop yenyewe iinue juu ya vitabu. Na mliovuka miaka 40 mnaovaa miwani ya kusomea, nyingi zimepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, ndio maana zinawavuta mbele. Mwambie mpima macho kompyuta yako inakaa umbali gani. Halafu kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 hivi kwa sekunde 20. Hata mwembe wa nje unatosha.

Pale ofisini tulizivuta meza kutoka ukutani, vioo vikarudi nyuma. Hatukutoa hata senti. Baada ya muda kichwa kikatulia, na mimi nikaanza tena kuuliza nyumbani siku imekwendaje.

Maumivu yasipoisha, muone daktari wa macho, usiyazoee. Ila kesho ukikaa mezani, kabla ya kumeza dawa ya kichwa au kumnunia mtu asiye na kosa, nyoosha mkono kwanza.