Waache Watembee

Hapa Isongole, wilayani Ileje, wazazi wanaopeleka watoto shule kwa gari lao wenyewe unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba Ulaya wazazi wanaombwa waache magari nyumbani ili watoto waende shule kwa miguu, anacheka na kusema hayo ni matatizo ya walioshiba. Mimi naona yanatuhusu. Gari letu sisi ni bodaboda. Asubuhi dereva mmoja anakusanya watoto wa nyumba mbili tatu: mdogo anakaa mbele juu ya tenki, wengine wanabanana nyuma na mabegi yao. Mishikaki. Mzazi analipa kwa wiki au kwa mwezi, na moyo wake unatulia.

Nina binti wa darasa la pili. Kwa hatua zake, shule iko mwendo wa dakika thelathini na tano, naye anakwenda kwa miguu. Majirani wamekwisha kuniuliza, kwa upole, kama mambo yangu ya fedha yako sawa. Zamani mtoto kutembea hakukuhitaji maelezo. Sasa kumekuwa dalili ya umaskini, au ya mama asiyejali.

Lami ndiyo iliyobadilisha mambo. Barabara ya Mpemba hadi Isongole, kilomita 50 na ushei, tuliisubiri kwa miaka mingi, na sitaisema vibaya. Kabla yake, masika yakikolea, gari lilikwama na mgonjwa ndani yake. Maharage na kahawa yalichelewa kufika sokoni. Leo mtu anatoka Tunduma na kufika hapa mpakani, ng'ambo ya Chitipa, kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Lakini kile kile kinachomwahisha mgonjwa ndicho kinachompitia mtoto kwa kasi pembeni mwa sikio lake. Wakati wa tope hakuna aliyeweza kukimbia. Mashimo yalikuwa trafiki wetu.

Mwaka jana pikipiki iliyobeba watoto watatu wa shule ilimgonga mtoto wa nne aliyekuwa akitembea ukingoni mwa barabara. Wale watatu walichubuka. Yule wa nne alivunjika mguu, akakaa nyumbani muhula mzima. Tulikwenda kumpa pole mama yake, tukiwa na ndizi na sukari kama ilivyo desturi. Mguu ulipopona, mama huyo alitafuta bodaboda ya kumpeleka mwanawe shule kila siku. Nilimwelewa kabisa. Aliniambia, "Dada, hizi pikipiki zinakimbia mno. Siwezi tena kumwacha atembee."

Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu tangu siku ile. Asubuhi, saa ile watoto wanapokwenda shule, pikipiki zinazokimbia ni zipi? Nyingi ni hizo hizo zinazobeba watoto. Dereva anapeleka kundi la kwanza, anarudi mbio kuchukua la pili, kwa sababu kengele haimsubiri na malipo yake yanatokana na kufikisha. Kila mama anakimbia hatari iliyokodiwa na mama mwenzake, na akikodi yake anawaongezea hatari wale waliobaki kwa miguu. Kesho mmoja wao naye ataogopa na kutafuta dereva. Mwishoni watakaotembea ni wale tu ambao kwao hakuna hela, na barabara itakuwa kali kuliko wakati wowote.

Waingereza waliipitia njia hii kwa magari. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake walilinganisha miaka miwili. Mwaka 1971, watoto wanane kati ya kumi wenye umri wa miaka saba na minane walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 hakufika hata mmoja kati ya kumi. Serikali ilikuwa ikijivunia kwamba watoto wanaokufa barabarani wamepungua. Hillman akajibu kwamba barabara haikuwa salama zaidi. Watoto ndio walioondolewa barabarani. Miji mingi huko sasa inatumia fedha na miaka kuwarudisha wazazi pale ambapo sisi bado tupo. Ndiyo maana sicheki nikisikia habari zao. Wengi wa watoto wetu bado wanatembea, na kulinda desturi iliyopo ni kazi nyepesi kuliko kufufua iliyokufa.

Sheria tunayo. Pikipiki ya biashara inaruhusiwa abiria mmoja, dereva na abiria wavae kofia ngumu, na mtoto wa chini ya miaka tisa hatakiwi kupandishwa. Mtoto wa darasa la pili ana miaka saba au minane. Yaani karibu kila mshikaki wa asubuhi unavunja kanuni zote kwa safari moja, na anayeulipia ni mzazi. Ni rahisi kumlaumu kijana wa bodaboda. Lakini kijana yule hatoki kwao saa kumi na mbili kwa hiari yake. Tumempigia simu.

Na wasichana wakubwa wana hatari yao nyingine. Hakuna mzazi wa huku asiyejua neno "lifti" linaweza kumfikisha wapi mwanafunzi wa sekondari. Tangu mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini, lakini kifungo huja baada ya jambo. Mtoto aliyezoeshwa tangu darasa la kwanza kwamba njia ya shule ni mgongo wa kijana fulani, atajifunza lini kuikataa lifti?

Sisemi hofu ya wazazi ni ya bure. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua linatufikia sisi wa magharibi karibu nusu saa baadaye. Juni na Julai, baridi ikiwa imeshika, linachomoza karibu saa moja kamili. Mtoto anayetakiwa kuwahi usafi saa moja anatoka nyumbani gizani. Hapo mama gani hataogopa? Lakini giza hilo lina dawa isiyohitaji fedha: kwa miezi hiyo miwili, usafi ufanyike baada ya masomo. Wanaoishi mbali kabisa, vijiji vya milimani, hao dawa yao ni shule shikizi jirani nao, na si mahubiri yangu.

Kwa barabara yenyewe, mfano uko hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likiweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni. Utafiti ulionyesha majeruhi wakipungua kwa robo hivi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Si mitambo ya ajabu. Ni tuta na rangi nyeupe, na mtu wa kuvidai kwenye mkutano wa kijiji.

Mambo hayo matatu nitayasema kwenye kikao cha wazazi: tuta na kivuko mbele ya shule, usafi uhamishwe wakati wa kipupwe, na kila kitongoji kipange mzazi mmoja kwa zamu wa kutembea na watoto mpaka wavuke lami. Najua kuna watakaoguna. Zamu ni kazi, na bodaboda ni simu moja tu.

Lakini kuna kitu ambacho hela ya bodaboda hainunui. Binti yangu, kutoka nyumbani hadi shule, anaamkia watu wasiopungua kumi: bibi anayefagia uwanja, mzee anayefungua duka, mama anayekaanga maandazi. Shikamoo, marahaba, hujambo mwanangu. Wote wanajua ni mtoto wa nani na hupita saa ngapi. Wiki moja alipougua malaria, mama wa maandazi alituma mtu kuuliza mbona hajamwona. Mtoto wa kwenye mshikaki hamwamkii mtu. Anapita kama mzigo, na siku asipopita hakuna atakayejua.