Ngoma Isiyokata Mti

Kasenga ni mtaa wa mji wa Uvira. Mashariki ni Ziwa Tanganyika, magharibi ni milima ya Mitumba, na kati yake pana uwanda mwembamba walipojenga watu. Hewa ikiwa safi, milima ya Burundi huonekana ng'ambo ya maji.

Huko Burundi ngoma kubwa huchongwa katika mti uitwao kwa Kirundi umuvugangoma, yaani mti uisemeshao ngoma. Gogo hutobolewa, kisha ngozi ya ng'ombe iliyoloweshwa huwambwa juu yake kwa vigingi. Ikikauka hujivuta, na ndipo sauti hutoka. Lakini gogo moja ni mti mzima, na watu wa Uvira wameonja uchungu wa milima iliyokatwa miti. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuua makumi ya watu. Mlima wenye miti hunywa maji. Mlima mtupu huyaachilia yote mara moja.

Je, watoto wetu wakose ngoma? Hasha! Vifaa vipo nyumbani.

Ukitaka kayamba, kata matete makavu, yafunge kwa uzi yawe vijamvi viwili vidogo. Tia mbegu ngumu katikati, kisha shona kingo zote.

Ukitaka njuga, toboa vifuniko vya chupa kwa msumari na kuvitunga katika waya. Baba avigonge kwanza kwa nyundo, makali yasiwakate watoto.

Kwa ngoma yenyewe, twaa mkebe mkubwa wa bati, uondoe kifuniko na kitako. Omba ngozi ya mbuzi kwa mchinjaji, iloweshe usiku kucha, kwangua manyoya. Iwambe ingali mbichi, uikaze kwa kamba pande zote sawasawa, na kuianika kivulini mpaka ikauke kabisa. Usiiharakishe kwa moto, maana itapasuka. Haraka haina baraka.

Ngoma hiyo haitavuma kama ya gogo, lakini yatosha kwa nyimbo za jioni na kwa kwaya ya watoto. Naye atakaye ngoma ya mti, vema. Apande kwanza miche yake mlimani, wajukuu wake wapate ya kuchonga na ya kuacha imesimama.