Usitie Saini Kabla Hatujaisoma

Gitambi, Rusizi

Mwanangu mpendwa,

Baba yako hajambo, bibi anaendelea vizuri, na mpunga wa bondeni tumeshauvuna. Baba yako alinisomea ujumbe wako: kuna mtu hapo Kigali anataka kukupeleka Saudi Arabia kucheza mpira, na anadai saini kabla mwezi haujaisha. Kaka yangu ni mpole, hajui akujibu nini. Basi nimeona niseme mimi, shangazi yako.

Kwanza ujue sikukatazi mpira. Waliokuwa wakisema binti hafai kuonekana na bukta mbele ya wanaume niliwajibu mimi mwenyewe, tena hadharani. Siku hizi wamepungua. Tarehe 18 Januari 2022 Salima Mukansanga, binti wa Rusizi hii hii, alichezesha Zimbabwe na Guinea kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, na hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Huyo Salima alisomea uuguzi na ukunga. Shule haikumzuia kufika, nawe haitakuzuia.

Kipaji unacho. Likizo iliyopita nilikuangalia: unapokea mpira umelipa goli mgongo, beki amekuelemea, unamwonyesha bega la kulia halafu unageukia kushoto, yeye anabaki anashika hewa. Hilo hakukufundisha mtu. Lakini krosi ikikujia mguu wa kushoto, unautuliza mpira kwanza ili uuhamishie kulia, na katika muda huo kipa ameshajipanga. Straika wa kulipwa hapewi muda huo. Tena ukiruka kupiga kichwa unatua na magoti yamenyooka. Mimi ni muuguzi, hilo linanitisha kuliko beki yeyote. Kano ya ndani ya goti huwakatika wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na ikikatika unakaa nje miezi tisa, pengine mwaka. Ukiwa kwenye klabu nzuri watakutibu. Ukiwa mbali, bila mkataba unaoeleweka, nani atalipa upasuaji?

Hapo ndipo penye hofu yangu. Nimekaa na kijana wetu anayesoma sheria Huye, tumezipitia kanuni za FIFA ukurasa kwa ukurasa. Mchezaji hahamishwi kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na hakuna hata moja inayokuhusu wewe. Miaka 18 utatimiza Agosti. Sasa huyo bwana ana haraka ya nini? Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto wa umri wako lazima kwanza apate idhini ya mzazi kwa maandishi. Baba yako hajaona maandishi yoyote.

Katika ujumbe wako umesema pia kwamba karatasi ya huyo bwana inaeleza kuwa mkataba utaanza kufanya kazi ukifaulu vipimo vya afya na ukipata kibali cha kazi. Hilo kanuni hazilikubali: klabu ipime na kuuliza kabla ya kusaini, na ikishasaini imefungwa. Tena klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia, unaipa siku 15, na isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Watoto wengi hawalijui hilo, wanabaki ugenini wakisubiri huruma ya meneja.

Na lipo la kwetu wanawake. Tangu Januari 2021 mchezaji mjamzito ana haki ya likizo ya wiki 14 zisizopungua, kwa theluthi mbili za mshahara walau. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipokatiwa malipo akiwa na mimba, aliipeleka Lyon mbele ya FIFA, na klabu ikaamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Alishinda kwa sababu kanuni hizo zilimlinda.

Usidhani nakwambia Saudi Arabia ni uongo. Clara Luvanga wa Tanzania alifika klabu ya huko, Al Nassr, lakini alipita kwanza Yanga Princess ya kwao, kisha Hispania. Mwenzetu Jeannine Mukandayisenga, huyo mnayemwita Kaboy, alifunga mabao hapa Rwanda akiwa Rayon Sports ndipo Yanga Princess wakamfuata. Nayo safari ya Tabitha Chawinga wa Malawi uisome vizuri. Mwaka 2014 alianzia timu ndogo ya Sweden, akaenda China, na ni msimu wa 2022/23 alipokuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia akiwa Inter kwa mabao 23. Ni miaka tisa hiyo. Mdogo wake Temwa akafunga 20 katika msimu mmoja wa ligi ya Marekani, 2024, rekodi ya ligi hiyo. Hakuna kati yao aliyefika kwa karatasi ya wiki moja.

Ushauri wangu ni huu. Maliza mtihani wa kidato cha sita. Omba nafasi ya kufanya majaribio kwenye klabu za ligi kuu hapo Kigali, ucheze misimu miwili, watu wakuone na mabao yako yaandikwe. Kila siku piga mipira mia kwa mguu wa kushoto. Mwombe kocha akufundishe yale mazoezi ya FIFA ya kukinga magoti. Ni dakika 20 tu kabla ya mazoezi.

Na huyo bwana mwambie alete mkataba mzima, wenye jina la klabu, kwa lugha unayoisoma, pamoja na namba ya leseni yake. Akikasirika, mwache aende. Akileta, mtumie baba yako nakala nami nitapanda basi nije Kigali tuusome pamoja. Mpaka hapo, mwanangu, nakuomba usitie saini chochote.

Shangazi yako akupendaye.