Unakimbia Nini?

Asubuhi moja ya mwaka 2003 nilikuwa natokea upande wa Bigwa, narudi nyumbani Kilakala, hapa Morogoro. Jasho lilikuwa linanitiririka, na khanga nimeifunga juu ya suruali ya michezo. Nilimkuta bibi jirani akifagia uwanja wake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akainuka, fagio la chelewa mkononi, akaniuliza: "Hivi mwalimu, mwanangu, kila alfajiri unakimbia nini?"

Nilicheka, nikamjibu kuwa ni mazoezi ya viungo tu. Lakini swali lake lilikuwa na sarufi nzuri kuliko jibu langu. Katika Kiswahili, yambwa ya kitenzi kimbia ni kile kinachomtisha mtendaji: mtu hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia nyoka. Aendaye mbio kuelekea jambo hulikimbilia. Kutokana na asili hiyohiyo tumepata mkimbiaji na mkimbizi; wa kwanza huvishwa medali, wa pili hupewa hema. Nilikuwa nimekifundisha kitenzi hicho kwa karibu miaka ishirini katika mada ya unyambulishaji: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Wanafunzi wangu walikipenda kwa sababu kilikuwa rahisi. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza swali la bibi yule.

Kukimbia nilijifunza katika chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla jua halijachomoza tulipangwa safu, kiongozi akatoa wimbo, nasi tukaitikia huku miguu ikipiga ngoma yake ardhini. Hata neno lenyewe, mchakamchaka, nikilitamka leo nasikia nyayo ndani yake. Aliyepitia shule zetu zama zile anajua kwamba katika mchakamchaka hakuna akimbiaye peke yake. Anayechoka huchukuliwa na kiitikio.

Nilipoanza tena mwaka 2001 sikuwa na kiitikio. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nami nimebaki na watoto wawili: wa kiume wa miaka tisa na binti wa miaka sita. Nilitafuta jina langu katika lugha niliyoifundisha, nisilione. Mjane sikuwa, maana baba yao yu hai. Mtalaka nilikuwa, lakini neno hilo hueleza kilichokwisha. Halisemi lolote juu ya watoto wawili wanaongoja uji. Vijana mtaani wana "singo maza", na aghalabu hulitamka kwa kicheko. Nikawa nafanya kazi isiyo na jina, na kazi isiyo na jina haina hata saa ya kutoka.

Niliamka saa kumi na nusu. Watoto wakiwa wamelala, na ufunguo wa akiba ukiwa kwa bibi jirani, nilikwenda mbio kwa dakika arobaini. Nikirudi ni uji, sare za shule, vipindi, kusahihisha madaftari, kisha masomo ya ziada ya jioni ili ada ipatikane. Njiani nilihesabu hatua kama mizani: nane za ukwapi, nane za utao. Wazo la kodi ya nyumba likinijia, nilirudi kwenye hesabu. Wazo la usiku ule aliofungasha nguo zake likinijia, niliongeza mwendo. Niliiita hali hiyo utulivu.

Februari 2004 nikaanza kusikia maumivu kwenye muundi wa mguu wa kulia, mahali padogo pa kufunikwa kwa kidole kimoja. Hapa inanibidi niseme habari za John Stephen Akhwari, kwa kuwa ndiye niliyemtegemea. Kila mwaka nilimleta darasani katika somo la ufahamu. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Mtanzania huyu alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kati ya wote waliomaliza, yeye alikuwa wa mwisho. Nami nikauliza: hadithi hii yatufundisha nini? Darasa likaitikia kwa sauti moja: uvumilivu!

Basi nikavumilia. Kwa wiki tano nilikimbia nikichechemea, nikijiona mwanafunzi mwema wa somo langu mwenyewe. Wiki ya tano mguu ulikataa kabisa, nikarudi nyumbani nimeshika ua wa huyu na ukuta wa yule. Tabibu aliitazama picha ya eksirei, akanionyesha kistari chembamba mfano wa unywele. Akaniambia ni ufa wa msongo. Akafafanua kwamba mfupa una tabia ya kujijenga upya kila unapobebeshwa mzigo, ila hujijenga wakati wa mapumziko. Ukibebeshwa mzigo uleule kila siku bila nafasi, hupasuka. Nikiwa mwalimu wa Kiswahili, sikio langu lilinasa neno kabla ya maradhi. Msongo. Neno tunalolitumia kwa mawazo ndilo alilolitumia kwa mfupa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wanasema juu ya nyumba, nami wakati ule nililielewa jambo hilo kwa nyumba tu.

Nilipewa magongo na miezi miwili ya kutulia. Katika utulivu ule, yote niliyokuwa nimeyaacha nyuma barabarani yalinifikia. Nililala mchana, nikakesha usiku. Madaftari ya insha yalirundikana mezani, nisiweze kumaliza hata ukurasa mmoja. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, alijua kusonga ugali bila ya mimi kumfundisha. Watu walinipa pole ya mguu nami nikaipokea, kwa sababu mguu una magongo yanayoonekana. Mwezi Juni mfupa ulikuwa umepona. Mimi sikutoka nje. Ulikuwapo usiku mmoja nilipowaza kwamba watoto wangekuwa salama zaidi kwa dada yangu, pasipo mimi. Sitaueleza usiku huo zaidi ya hapo.

Mwezi Julai binti yangu, akiwa darasa la tatu, aliniletea daftari lake. Waliandikishwa insha fupi yenye kichwa "Mama Yangu". Ameandika: "Mama yangu ni mwalimu. Mama yangu alikuwa anakimbia asubuhi. Mama yangu alikuwa anacheka." Mwalimu wake alikuwa ameikata alikuwa ya pili kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: anacheka. Alama saba kwa kumi. Mtoto akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama wasimamavyo wanafunzi wangu.

"Mama, mwalimu amesema nimekosea wakati. Eti nimekosea?"

Maishani mwangu nimesahihisha maelfu ya insha, na sijapata kuulizwa swali gumu kama lile. Mama yupo, yu hai, yu chumba cha pili, na mtoto anamsimulia katika wakati uliopita. Kisarufi mwalimu wake alikuwa na haki. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hujakosea."

Wiki ileile nilikwenda hospitali. Nakiri kwamba niliogopa neno kuliko dawa, kwa maana kitengo kile watu walikiita wodi ya vichaa, nami nilikuwa mwalimu anayejulikana mji mzima. Muuguzi mtu mzima aliniuliza maswali matatu: Unalala? Unakula? Umewahi kuwaza kufa? La tatu nililijibu kwa kulia. Nilitumia dawa kwa miezi kadhaa, na kila baada ya wiki mbili nilikwenda kukaa naye na kuzungumza. Siku hizi wataalamu wetu hutumia neno sonona. Kitenzi kusononeka nilikijua tangu utotoni, lakini kitenzi humwelekea mtu: umesononeka wewe, basi jikaze. Nomino huuweka ugonjwa mezani, ukautazama, na mwenzako akautazama. Wanaosema kazi ya istilahi ni kupamba kamusi hawajawahi kuugua pasipo jina.

Kabla ya kuwaambia ndugu zangu nilimwambia bibi jirani. Nilimweleza yote: ndoa, kodi, usiku ule, hospitali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Ahaa. Sasa umenijibu." Tangu siku hiyo watoto wangu walikuwa na kwao kwa pili.

Oktoba nilirudi barabarani. Sikurudi kwa ushujaa. Mtaalamu wa viungo alinipa agizo lililonitia aibu: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara sita, na kesho yake usikimbie. Binti yangu ndiye aliyeshika saa, jioni, kandokando ya uwanja wa shule. Alisimama kama mwamuzi, akapaza sauti: "Kimbia!" halafu "Tembea!" Mara ya kwanza sikutembea. Niliona bado nina nguvu, nikaendelea. Akanifuata akilia, "Mama, nimesema tembea!" Nikasimama pale pale.

Nimewafundisha vijana kughani mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini. Wapo wasomao mshororo wa mizani kumi na sita kwa pumzi moja, wakaruka koma ya katikati, wakidhani wameonyesha ufundi. Huwa nawaambia kwamba wameua kina cha kati. Sikio halikupata nafasi ya kukisikia, na ubeti umebaki kelele. Siku ile uwanjani nilijua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeishi miaka mitatu nikiruka koma. Desemba ya mwaka huo niliandika ubeti huu, ambao si wa kujivunia lakini ni wa kweli:

Jirani kaniuliza, wakimbia kitu gani,
Swali likanitatiza, nikajifungia ndani,
Ufa ukajitokeza, mfupani na moyoni,
Mwendo nimeupunguza, na safari i njiani.

Ubeti wa pili haujanijia hadi leo.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma jambo juu ya Akhwari ambalo katika ufahamu wetu halikuwamo. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia tena marathoni, akashika nafasi ya tano. Kati ya Mexico na Edinburgh kuna karibu miaka miwili, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuifundisha. Tulimpigia makofi kwa kuingia uwanjani akichechemea, lakini goti haliponi kwa makofi. Sisemi uvumilivu si kitu. Nilichokosea ni kuufundisha peke yake. Katika miaka yangu ya mwisho darasani niliuliza maswali mawili: Mexico yatufundisha nini? Na Edinburgh je? Kwa swali la pili darasa halikuitikia kwa sauti moja. Walifikiri kwanza, nami nilifurahi.

Nisije nikadhaniwa kusema kwamba mbio ziliniponya. Ziliniweka wima kwa miaka mitatu, na katika kuniweka wima zilinificha hata kwa nafsi yangu. Kilichonitoa ni dawa, na muuguzi, na bibi aliyesikiliza, na insha ya mtoto. Sonona imenirudia mara mbili tangu hapo. Mara ya pili ilikuwa nilipostaafu mwaka 2021, nikaamka asubuhi nisijue ni nani anayenisubiri. Lakini sasa nazijua dalili zake. Madaftari yakianza kurundikana, au siku hizi vitabu visivyosomwa, sisubiri mfupa upasuke. Bado natoka asubuhi mara tatu kwa wiki. Nakimbia kidogo, natembea kidogo, na siogopi kusimama kumwamkia mtu.

Bibi jirani ametangulia mbele ya haki, na uwanja wake wanaufagia wajukuu. Binti yangu ni mtu mzima, yu mji wa mbali, ana mtoto mmoja anayemlea peke yake. Majuzi alinipigia simu usiku, mtoto akiwa amelala. Tukaongea ya kazi, ya ada, ya mvua. Kisha akasema, kana kwamba si jambo kubwa, "Mama, nimeanza kukimbia asubuhi."

Moyo wangu ulitaka kumsifu. Ulimi ukatangulia kuuliza: "Unakimbia nini, mwanangu?"

Akanyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Halafu akaanza kunieleza.