Mguu wa Nne

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Methali hiyo niliifahamu tangu shule ya msingi. Niliitungia sentensi, mwalimu akanitilia vema, nami nikaisahau. Sikujua kwamba siku moja ningeipima njia hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, na nione kuwa urefu wake haufiki hata njiti ya kiberiti.

Mpenzi msomaji, mamangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala huku kwetu Kisauni, Mombasa. Hapo huchapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na mitihani ya shule za msingi za jirani. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imechakaa hata ukiibonyeza leo, inakujibu kesho. Basi Januari mwaka huu zamu yake ya mchezo ilipofika, alipokea shilingi 40,000, akaziweka mezani, akaniambia, "Wewe si waniambia kila siku kwamba waweza kuunda kompyuta? Haya, unda."

Kweli nilikuwa nimejigamba. Nasoma somo la kompyuta tangu kidato cha kwanza, na darasani wenzangu huniita daktari. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba kununua vipande na kuviunganisha ni afadhali kuliko kununua iliyo tayari. Shoga yake mmoja akatuelekeza kwa mzee auzaye vipuri Nairobi, katika barabara ya Luthuli. Mzee huyo alitutumia mzigo wote kwa basi la usiku: prosesa ya Intel Core i3-10100 pamoja na kipozajoto chake, ubao mkuu, kumbukumbu ya gigabaiti 8, diski, kisanduku cha umeme na kasha la kuvitia vyote.

Jumamosi nilianza kazi kifua mbele. Kwa asiyejua, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kidude kidogo, upana wake haufiki sentimita 4, lakini hiyo yetu imepimwa kwa wati 65. Hebu fikiria balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikiunguza vidole, imebanwa ndani ya kipande cha biskuti! Joto hilo lisipoondolewa, kazi haiendi. Ndiyo maana juu yake huwekwa kipozajoto, yaani bonge la alumini lenye mapezi mengi, na feni juu ya mapezi hayo. Kipozajoto hicho kina miguu minne ya plastiki. Kila mguu huingizwa katika tundu lake ubaoni na kusukumwa kwa kidole gumba mpaka ulie "ta!"

Mguu wa kwanza ukalia ta. Wa pili ta. Wa tatu ta. Wa nne, kimya.

Nikausukuma tena. Ubao ukapinda kidogo, moyo nao ukapinda. Nilihofia nikizidisha nguvu ungepasuka, na shilingi 40,000 za mama ziende na maji. Nikaona mshale mdogo umechorwa juu ya kichwa cha mguu ule. Nikakizungusha kichwa kuelekea unakoonyesha mshale, nikidhani nakaza kama mtu akazavyo skurubu. Hakikulia kitu. Nikajiambia, "Mbona mafiga ni matatu na chungu hakianguki?" Nikafunga kasha.

Kompyuta iliwaka! Mama alipiga vigelegele hata jirani wakachungulia. Jioni hiyo nilitembea mtaani kama jogoo aliyeshinda vita. Lakini kabla ya dakika kumi kwisha, mashine ilianza kujikokota kama kobe, kisha kioo kikawa cheusi ti.

Tuliiwasha tena, ikazima tena. Nikafungua ukurasa wa bayosi, ule unaoonekana kabla ya programu nyingine kuamka, kwa kuwa huonyesha joto la prosesa. Ilianza na nyuzi 61. Nikiwa bado natazama, ikapanda hadi 79, kisha 92, kisha 98. Prosesa ya aina hiyo ikifika nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Kwa hivyo haikuwa ikifa, ilikuwa ikijiokoa.

"Ni joto la kaskazi hili," mama akasema. "Hata sisi twatokota." Akaleta feni ya mezani, nikafungua ubavu wa kasha, tukaipepea kama mgonjwa wa homa. Wapi! Jirani yetu fundi wa simu akaja, akasema labda feni ya ndani haizunguki. Tukatazama. Ilikuwa yazunguka kwa kishindo, na waya wake uko mahali pake. Kila tulichokishuku tulikikuta kizima.

Kumbuka, msomaji, kwamba moyoni nilikuwa nikijua. Lakini kila nilipotaka kuutaja mguu wa nne, ulimi uliganda. Daktari mzima niseme nini?

Jumatatu jioni mama alichoka. Shule moja ilikuwa imemwagiza karatasi za mtihani, nazo zilitakiwa Jumatano asubuhi. Akampigia simu yule mzee wa Nairobi, akaweka sauti ya juu. "Mzee wangu, umeniuzia mzoga! Pesa za mchezo hizo, si za kuokota!" Mzee alisikiliza mpaka mama akamaliza, kisha akaomba kusema na mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile miguu ya kipozajoto, ulisikia ta ngapi?"

Mama alikuwa ameniangalia machoni. Nikameza mate. "Nne," nikajibu.

Akanyamaza kidogo. "Basi ifunge prosesa vizuri, unirudishie kwa basi la kesho usiku. Nitawapa nyingine. Hasara niachie mimi."

Jumanne nilipotoka shuleni sikumkuta mama. Alikuwa amekwenda kuchapa ule mtihani katika kibanda cha mtu mwingine, kwa kulipia kila ukurasa. Alirudi saa tatu usiku, akavua viatu, akakaa kitako sakafuni. Kati ya shilingi 3,000 za kazi ile, zilikuwa zimembakia 400. Tena alikuwa tayari amewaambia kina mama wote wa mchezo kwamba mzee yule ni mwizi, wasimnunulie kitu. Prosesa sikuwa nimeifungua, na basi la usiku lilikuwa limekwisha kwenda. Mama aliniuliza, nikasema tutaituma kesho.

Usingizi ulinipaa. Usiku wa manane niliinuka, nikawasha mashine huku ubavu wake uko wazi. Bayosi ikasoma nyuzi 96. Nikachomoa umeme, feni iliposimama nikagusa mapezi ya kipozajoto kwa ncha ya kidole, kwa tahadhari, nikitarajia kuungua.

Yalikuwa baridi kama bilauri ya maji.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Jiko likiwa lawaka na sufuria i baridi, si kwamba moto ni mbaya wala sufuria ni mbovu. Ni kwamba sufuria haijakaa motoni. Katika Fizikia ya kidato cha kwanza tulifundishwa kwamba hewa hupitisha joto kwa shida sana, na ndiyo sababu blanketi lenye nyuzi nyingi zinazoshika hewa hututia joto. Katika jaribio hilo nilipata 9 kwa 10! Na sasa blanketi la hewa nilikuwa nimeifunika prosesa ya mamangu kwa mikono yangu. Upande mmoja wa kipozajoto ulikuwa umeinuka kidogo tu, unene wa karatasi, na huo ulitosha.

Nikaitafuta karatasi ya maelekezo iliyokuja na prosesa. Nilikuwa nimeifanya kipepeo tangu Jumamosi. Michoro yake ilionyesha wazi kwamba mshale ule ni wa kufungulia mguu, si wa kukazia. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe.

Sasa, wenzangu, nitawaambia ukweli. Nilifikiria kuutengeneza usiku uleule, kisha asubuhi niseme, "Mama, imepona yenyewe!" Hakuna ambaye angejua. Ningebaki daktari. Lakini yule mzee angebaki mwizi midomoni mwa kina mama wa Kisauni, naye alikuwa tayari kubeba hasara isiyo yake kwa neno langu moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikazima taa, nikangoja kuche.

Alfajiri nilimkuta mama jikoni akimimina chai, nikamweleza yote, mguu na mshale na ile "nne" yangu. Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Alinyamaza mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Usishike bisibisi bado. Mpigie mzee kwanza."

Nikapiga. "Mzee, zilikuwa tatu," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Najua, mwanangu. Nilikusikia ulivyomeza mate," akajibu. "Wengi huuogopa huo wa nne. Utoe ubao nje ya kasha, uweke mezani, ndipo uone unachokifanya."

Kisha akanipa hatua moja moja. Jioni nilizifuata kama mtu afuataye njia gizani. Nilifungua miguu yote, nikainua kipozajoto. Ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto ilikuwa imeshika upande mmoja tu, upande wa pili ilikuwa haijaguswa. Chuma hata kionekane laini vipi kina vishimo vidogo vinavyoshika hewa, na kazi ya dawa hiyo ni kuvijaza. Nikaipangusa yote kwa kitambaa kisafi na spiriti, nikangoja pakauke. Fundi wa simu alinipa dawa mpya, nikaweka tone moja katikati, kiasi cha punje ya mbaazi. Nikavirudisha vichwa vya miguu kinyume cha mshale. Nikakishusha kipozajoto wima, nikasukuma mguu mmoja, kisha ule unaoukabili kwa mshazari, ili kisielemee upande. Ta. Ta. Ta. Nikashika pumzi, nikasukuma. Ta!

Sikuuamini mlio peke yake. Niliugeuza ubao nikatazama chini, nikaona ncha nne nyeusi zimepenya sawasawa. Kumbe siku ya kwanza ningalitazama huko, nisingalihitaji kudanganya mtu.

Tulipowasha, bayosi ilisoma nyuzi 41. Mama akachapa kwa saa nzima, joto likapanda hadi 63, likatulia hapohapo. Kaskazi ilikuwa ileile, chumba kilikuwa kilekile. Nikamwona mama akitabasamu, nami nikadhani deni langu limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Jumapili alinichukua hadi kwenye mchezo. Kina mama kumi na wawili wameketi mkekani, akaniambia, "Haya, waeleze nani mwizi." Nilisimama, magoti yakinigongana, nikasema kwamba mzee wa Nairobi ni mtu mwaminifu na kwamba aliyekosa ni mimi. Mmoja akacheka, mwingine akatikisa kichwa. Mmoja tu akauliza, "Sasa huyo mzee, nambari yake unayo?" Alitaka kununua kompyuta.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili na walimu wangu, sikuandika haya ili kuwafundisha ufundi tu, ingawa mwenye kuunda kompyuta na aushike ushauri wa yule mzee. Nimeandika kwa sababu sote tunapenda kuitwa madaktari. Mtu akikosea kwa kutojua, wenzake humsaidia. Lakini akiificha kasoro yake, huwatuma watu kutafuta ugonjwa pale usipokuwepo, na kila siku inayopita kuna mwingine anayeilipia. Mamangu alilipa shilingi 2,600. Mzee nusura alipe prosesa nzima.

Darasani bado waniita daktari. Mimi huitika, lakini siku hizi nikiulizwa nisilolijua, husema silijui. Nanyi, siku mtakayoulizwa miguu imelia mingapi, kama ni mitatu, semeni mitatu.