Dawa ya Damu na Watoto wa Pemba



Bibi harusi wetu hufundwa mengi na somo wake: kupika, kujifukiza udi, kuhifadhi siri ya nyumba. Habari ya dawa ya mtoto huisikia kidogo tu, na Inshallah haupiti muda mrefu kijiko kitakuwa mkononi mwake. Leo basi tuzungumze dawa ya kuongeza damu, na utafiti uliofanywa hapa kwetu Pemba.

Kauli ya mabibi twaijua sote. Mtoto akinyong'onyea, viganja vikawa vyeupe, huambiwa, "Hana damu huyo, mpeni dawa." Ni maneno ya huruma na yana msingi, kwani mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza damu. Hata wataalamu wa dunia walishauri watoto wadogo wa sehemu zenye upungufu mkubwa wa damu wapewe chuma bila ya kupimwa mmoja mmoja.

Mwaka 2002 ushauri huo ulianza kuchunguzwa Pemba, wakati malaria ilikuwa nyingi mno. Waliingia watoto zaidi ya 20,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Kwa bahati nasibu, wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo hivyo pamoja na zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Mama hakujua mwanawe yuko kundi gani, wala mgawaji hakujua. Makundi yakifanana kwa yote isipokuwa dawa, tofauti ikitokea hujulikana imetoka wapi.

Kamati huru ilikuwa ikiziangalia hesabu. Agosti 2003 utoaji wa chuma ukasimamishwa kwa ushauri wake. Waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa 12% ya kuugua sana hadi kulazwa, au kufariki, kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Lakini kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto wakapimwa damu na malaria ikatibiwa mapema. Humo, waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika nacho. Dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni hali ya mtoto na uangalizi aliopata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Mahali penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga, kipimo na tiba ya malaria.

Tunajua wapo wanaosema watoto wetu walifanyiwa majaribio. Uchungu huo hatuudharau. Wapo kina mama waliozika miaka ile, na sababu ya kila mtoto Allah ndiye ajuaye. Ila tujiulize pia: kama chuma kingegawiwa kila nyumba bila ya mtu kuhesabu, madhara yale nani angeyaona? Watoto wa Pemba wamewakinga watoto wa nchi nyingi ambao hawatawajua kamwe.

Kwa hiyo, dada, ukiombwa siku moja mwanao aingie kwenye utafiti, usikubali kwa haya wala usikatae kwa uvumi. Uliza: nani anaangalia usalama? Naweza kumtoa nikitaka? Akiugua atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani? Wakujibu kwa lugha unayoielewa.

Na nyumbani, dawa ya damu isinunuliwe kwa kumtazama mtoto macho. Mpeleke akapimwe damu na malaria, apewe dozi ya uzito wake. Mjamzito, vidonge vyako vya kliniki endelea navyo. Habari hii ni ya watoto.

Mtoto ni amana. Huruma tunayo tele, tuiongezee kipimo.

Allah atuhifadhie watoto wetu, awarehemu waliotangulia, na awape subira mama zao. Amin.