Abiria wa Siku Nzima

Nilianza teksi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990, nikiwa deiwaka. Gari lilikuwa Toyota Corolla ya mzee mmoja mstaafu wa Ilala, na dereva wake alipoumwa au alipokwenda kijijini kuzika, ndipo nilipoitwa. Baadaye mzee akanikabidhi gari moja kwa moja kwa hesabu ya shilingi 15,000 kila jioni. Mafuta yangu, pancha yangu, faini ya trafiki yangu. Kijiwe chetu kilikuwa Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi, na pale nilikaa miaka mingi kuliko nilivyokaa shuleni.

Watu wengi hudhani dereva teksi hutapeliwa kwa ujinga. Tazama kazi yenyewe ilivyopangwa. Muuza duka anapokea pesa ndipo anapima sukari. Konda wa daladala anakusanya nauli huku gari linatembea. Dereva teksi anachoma mafuta yake kwanza, anafika mwisho wa safari, kisha ndipo anadai. Na nyuma yake kuna tajiri anayesubiri hesabu. Ikifika saa nane mchana dereva ana shilingi elfu tatu mfukoni, akatokea mtu aliyevaa vizuri akasema, "Nataka gari mpaka jioni, taja bei yako," dereva huyo hana muda wa kumchunguza mtu. Tapeli anaijua saa hiyo vizuri kuliko sisi.

Hila niliyoikuta kijiweni ni ya jengo lenye milango miwili. Kariakoo imejaa majengo ya namna hiyo: unaingia dukani mtaa huu, unapita katikati ya mabegi na vitenge, unatokea mtaa wa pili. Abiria anakuambia umsubiri hapo hapo, anaingia mara moja kuchukua hela kwa kaka yake. Ndiyo imetoka hiyo. Mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kijiwe alitupa sheria: abiria akishuka, kitu chake kibaki garini. Sheria ilifanya kazi kwa muda, mpaka matapeli nao wakaijua. Wakaanza kuja na mabegi. Siku moja tulilifungua begi moja mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, maana lilikuwa limekaa kwenye buti tangu juzi yake na mwenyewe haonekani. Tulikuta magazeti ya zamani na nusu tofali limeviringishwa kwenye kanga.

Aliyetuumiza zaidi ni abiria wa siku nzima. Mwenzetu mmoja alimchukua mteja eneo la Gerezani asubuhi, mtu mzima, mpole, anasema ni mfanyabiashara kutoka Mbeya. Safari ya kwanza alilipa papo hapo na kumwachia chenji. Wakanywa chai pamoja, mteja akalipa. Akamuuliza watoto wako wangapi, wanasoma wapi. Wakazunguka ofisi za Posta, kila mahali anaingia na bahasha, anatoka na bahasha. Kufika adhuhuri anamwita mwenzetu "mdogo wangu". Jioni wakarudi Kariakoo kuchukua mzigo wa vipuri. Mteja akatoka dukani amekunja uso: pesa imepungua shilingi elfu themanini, benki zimeshafungwa, na mwenye duka hataki kusikia habari ya kesho. "Mdogo wangu, una chochote hapo? Tukifika hotelini nakurudishia pamoja na nauli yote." Mwenzetu alikuwa na hesabu ya siku kadhaa, maana tajiri wake alikuwa safarini. Akatoa. Mteja akaingia dukani na hatukumwona tena.

Ukipiga mahesabu, utaona ile chai na ile chenji ya asubuhi ndiyo ilikuwa mtaji wa tapeli, na alikuwa tayari kuupoteza kama dereva angekuwa mgumu. Hakumwomba kitu mtu asiyemjua. Alitumia siku nzima kumfanya ndugu, kisha akaomba kama ndugu anavyoomba. Tajiri aliporudi hakutaka kusikia habari ya mtu wa Mbeya. Mwenzetu aliilipa ile pesa kwa miezi, kidogo kidogo, na kilichomuuma mpaka mwisho ni lile neno "mdogo wangu".

Mimi mambo yalinikuta kwa namna nyingine. Nilimpeleka mtu kwenye duka la vifaa vya umeme. Akaniambia niegeshe mbele ya mlango kabisa, akaingia. Baada ya muda akajitokeza na mwenye duka, akanionyesha kwa mkono, akanipungia. Nami nikampungia, kama dereva yeyote angefanya. Kumbe ndani alikuwa amesema: yule ni dereva wangu, gari langu lile pale, nipe nyaya hizi nimwonyeshe fundi hapo nyuma, narudi kulipa. Akatoka na nyaya kwa mlango wa nyuma. Walipokuja kwangu walikuwa vijana wengi, na mmoja alishaanza kupaza sauti ya mwizi. Anayeijua Kariakoo anajua neno hilo likishapata masikio matatu nini kinafuata. Mwenyekiti wetu alikimbia kuja kunisemea, akawaonyesha namba nyeupe ya teksi, akamtaja mwenye gari, akawaambia kijiwe kiko wapi. Tukaenda kituo kidogo cha polisi, nikaandika maelezo, gari likazuiliwa mpaka usiku. Mwenye duka alipewa RB yake, mimi nikarudi nyumbani bila hesabu. Tangu siku hiyo siegeshi mbele ya duka analoingia abiria nisiyemjua. Nasimama upande wa pili wa barabara.

Simu za mkononi zilipoenea, utapeli ukaacha kuhitaji kiti cha nyuma. Vodacom ilianza mwaka 2000, na baada ya muda mfupi karibu kila dereva kijiweni alikuwa na namba aliyoigawa kwa wateja. Ndipo zikaja zile simu: "Niko kikaoni, mgeni wangu anashuka uwanja wa ndege saa kumi, kampokee. Njiani ninunulie vocha za elfu thelathini, zikwangue unisomee namba, nitakulipa na nauli." Dereva anaegesha pembeni, anakwangua, anasoma tarakimu kwa sauti. Uwanjani hakuna mgeni, na simu haipatikani tena. Vocha ikishasomwa haina mwenyewe.

M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008 tulifurahi, tukadhani habari za "sina chenji" zimekwisha. Ikaja meseji ya kughushi, imeandikwa kama ile ya kweli, umepokea kiasi fulani, isipokuwa imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Wengine huzidisha kwa makusudi: nauli elfu kumi, meseji inasema elfu hamsini. Kisha anasikitika, amekosea, umrudishie elfu arobaini taslimu kwa sababu ana haraka. Dereva anayetazama meseji analizwa. Anayetazama salio haibiwi kwa njia hiyo. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na bado ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" uliendelea kutufikia. Siku hizi kuna pia wanaojifanya wafanyakazi wa kampuni za teksi za mtandao. Wanaomba ile namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako, na ukiitaja, akaunti si yako tena.

Hasara kubwa ya haya yote haimo katika pesa. Fikiria mama anayetoka hospitali ya Muhimbili usiku na mtoto mgonjwa. Hana fedha, anaomba apelekwe Mbagala, kaka yake atalipa wakifika. Maneno yake ni yale yale ya tapeli, neno kwa neno. Nimewaona madereva wazuri, watu wa dini, wakipandisha kioo. Hawakuwa na roho mbaya, walikuwa wamelizwa wiki iliyopita.

Kijiwe chetu kilijadili jambo hilo mpaka kikaweka utaratibu. Safari yoyote ya kusubiri, abiria anatoa nusu kabla gari halijawashwa. Abiria hakopeshwi, hata awe ametununulia chai. Anayetoka na mteja wa siku nzima anamwambia mwenzake anaelekea wapi. Malipo ya simu yanathibitishwa kwa salio. Namba ya tapeli inatumwa 15040, ile ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kila mmoja anapiga *106# kuona kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Na kila dereva anatoa shilingi mia tano kwa siku kwenye mfuko wa kijiwe, ili atakayembeba mgonjwa asipolipwa, mfuko umfidie. Walioufaidi mfuko huo wengi walikuwa wagonjwa wa kweli, na ndugu zao wengine walirudi kulipa.

Kwa hiyo, ndugu abiria, dereva akikuomba nusu ya nauli kabla ya kukusubiri, usimwone amekudharau. Mpe. Na wewe kijana unayekabidhiwa gari leo, tafuta kijiwe kabla ya kutafuta abiria. Dereva asiye na wenzake wa kumsemea ndiye matapeli wanayemtafuta.